Mke Mwenza wa Kidole

Pale ofisini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Waandishi wa programu walimwita Kidole, bosi alimwita Kidole, hata keki waliyomnunulia siku yake ya kuzaliwa iliandikwa Kidole kwa rangi ya waridi, naye akaikata huku akicheka. Kazi yake ilikuwa kubonyeza simu. Ukisikia hivyo utasema kazi gani hiyo, hata mtoto mchanga anabonyeza simu, na wala hutakuwa wa kwanza kusema. Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa akirudi na grisi hadi kwenye viwiko, anajitupa kitini na kuuliza, "Na wewe mama, leo umebonyeza nini?" Kidole hakuwa na muda wa kumjibu. Alimwonyesha tu sabuni ilipo.

Waandishi wakimaliza kuandika programu ya simu, kabla haijafika kwa watu, walimpa yeye kwanza aiharibu. Kuiharibu, ndivyo alivyosema mwenyewe, na alisema kwa raha. Kazi hiyo hakuisomea. Aliingia pale kupokea simu za wateja wenye hasira, kutwa nzima "samahani mama, samahani baba, tunalifanyia kazi", hadi akawa anaomba radhi usingizini. Siku moja waandishi walikosa mtu wa kuijaribu programu ya kusajili wanachama wa bima, wakampa yeye. Mkono ukamteleza, akaandika kwamba atazaliwa mwaka ujao. Programu ikamkaribisha kwa furaha na kumpa kadi ya uanachama. Waandishi walishika vichwa, bosi akacheka mpaka akavua miwani, na kuanzia hapo simu za wateja akaachiwa mwingine.

Alikuwa mzuri, tusimnyime haki yake. Alikuwa na droo ya simu kuukuu: moja kioo kimepasuka, moja betri imevimba, moja ni nzito kuamka utadhani mtu aliyelala mchana. Alibonyeza huku akitembea, akabonyeza kwa mkono wa kushoto, akazima simu katikati ya shughuli na kuiwasha tena aone programu itajitetea vipi. Alijaza jina refu kuliko kisanduku. Alirudi nyuma mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingerudi. Mwandishi akimwona anakuja na simu mkononi huku ametabasamu, alijua chakula chake cha mchana kimeshaharibika.

Sasa basi, programu iliyokuwa mezani safari hii ilikuwa ya kliniki za wajawazito. Mama anachagua kliniki, anachagua siku na saa, anabonyeza kitufe cha Thibitisha, simu inamwambia asante, nafasi yako imehifadhiwa. Akifika, nesi anaona jina lake kwenye kompyuta na kumwita. Kwa kuanzia ilitumika katika kliniki moja tu, kama majaribio, na wiki iliyofuata ilikuwa iende kwenye kliniki zote za mji. Kidole aliipenda programu ile kuliko zote alizowahi kuziharibu. Mimba yake ya kwanza aliilea kwenye mabenchi ya kliniki, tangu asubuhi hadi wafagiaji wanampitisha fagio miguuni, na alikuwa bado anamdai mtu fulani asubuhi zile zote, ila hakujua amdai nani.

Ndipo akaletwa yule bwana. Alikuwa mtu mzima mwenye upara unaong'aa na baba wa watoto kadhaa, ametoka kwenye kampuni kubwa, mpole, mwenye tabia ya kufuta meza yake kwa leso kabla ya kukaa. Kazi yake ilikuwa kuandika programu ndogo inayoijaribu programu kubwa. Unaiwasha jioni, unaenda zako nyumbani, usiku kucha inabonyeza yenyewe bila chai wala kupiga miayo, na asubuhi unakuta taarifa kwenye kompyuta: mstari wa kijani kwa kila hatua iliyopita, mwekundu kwa iliyokwama.

"Yaani inafanya kazi yangu," Kidole alisema siku ile ya kwanza.

"Inafanya ile ya kurudiarudia, dada," bwana yule akajibu kwa adabu. "Ile inayochosha."

"Mimi nimekwambia nimechoka?"

Akageuka kwa ofisi nzima na kutangaza kwamba ameletewa mke mwenza. Watu walivunjika mbavu. Mashine ikaitwa Mke Mwenza tangu siku hiyo, na bwana wa watu, kwa kuwa ndiye aliyemleta, akaitwa Mshenga, akalikubali jina kwa kufuta upara. Kila asubuhi Kidole aliingia, akaweka mkoba na kuuliza kwa sauti, "Haya, bibi mdogo ameamkaje?" Lakini mzaha ule ulikuwa na mwiba ndani, na kila mtu aliujua. Bosi alishasema. Ikifika Ijumaa na mashine ikawa inaaminika, kazi yote ya kujaribu itahamia huko, na Kidole atarudi kwenye dawati la simu. Ikionekana haiaminiki, Mshenga atatafutiwa shughuli nyingine na mambo yataendelea kwa mkono kama zamani.

"Sina uwezo wa kuwalisha wawili," bosi alisema, naye alikuwa mama mkavu ambaye hakupenda kurudia sentensi. "Mniambie ninyi wenyewe."

Samahani mama, samahani baba. Kidole aliyahisi yale maneno yanamrudia mdomoni.

Kumbe Mke Mwenza naye alikuwa na kigugumizi chake. Hatua zote alizimaliza vizuri, ila akifika kwenye Thibitisha mambo yanaenda mrama. Leo kijani, kesho nyekundu, keshokutwa nyekundu tena, wala hakuna aliyegusa kitu. Kidole alichukua simu zake za droo, akapita njia ileile mbele ya Mshenga: kliniki, siku, saa, Thibitisha. Asante, nafasi yako imehifadhiwa. Wakatazama kwenye ule upande wanaouona manesi, jina lipo. Akarudia kwa simu nyingine. Jina lipo. Akarudia kwa ile nzito kuamka, na lenyewe likaonekana.

"Mwenzangu anasema uongo," Kidole akasema kwa upole wa mtu anayeshinda.

Mshenga alikuwa ameshika tama. "Haya majaribio ya mashine wakati mwingine huyumba bila sababu," alikiri. "Naweza kuiwekea kituo kidogo. Ikifika pale, isubiri kidogo ndipo ibonyeze. Itapita tu. Wenzangu wengi hufanya hivyo."

Hapa Kidole alifanya ujanja ambao baadaye aliucheka peke yake jikoni. Hakutaka ipite. Alitaka bosi aione ikianguka kwa macho yake. "Aa, Mshenga, usimfundishe mtu kuvumilia," akamwambia. "Mwache alivyo. Bosi aone tabia yake."

Mshenga, mpole yule, akamwacha alivyo. Alhamisi asubuhi bosi akaja, akasimama nyuma yao na kikombe chake. Mashine ikawashwa. Kijani, kijani, kijani, ikafika pale, nyekundu. Ikarudiwa, nyekundu. Kisha Kidole akakaa, akakunja mikono ya blauzi kama mpishi, akapita njia yake kwa simu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na majina yakatokea upande wa manesi kama yaliyoitwa. Bosi alikunywa chai yake yote palepale.

"Basi nimeona," akasema. "Kesho Kidole atie sahihi, programu itoke. Wewe bwana, tutaongea."

Kidole alienda nyumbani roho kwatu. Alinunua maua, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, akaenda nayo mkononi bila kujua atayaweka kwenye nini. Njiani alimkumbuka Mshenga akiifuta meza yake taratibu baada ya bosi kuondoka, akaona kidonda kidogo moyoni, akakipuuza. Yeye hakumwita mtu pale.

Alimkuta wifi yake sebuleni. Huyu ni mdogo wa mumewe, msichana mwenye mdomo mwepesi, mjamzito wa mimba ya kwanza, na mara nyingi ukimkuta kwa kaka yake anacheka. Leo hacheki. Alikuwa amelaza miguu juu ya stuli, imevimba hadi alama za viatu zimebaki.

"Wifi, hiyo programu yenu ni ya kitapeli," akasema kabla ya salamu.

"Ah, mbona unanivamia hivyo? Kuna nini?"

"Nimeenda kliniki leo. Simu iliniambia asante, nafasi imehifadhiwa. Nimefika, nesi anatafuta, hakuna jina. Nimekaa benchi mpaka mgongo umekufa ganzi, wenye majina wanaitwa wanaingia, mimi naangalia ukuta. Mwishowe naambiwa nirudi wiki ijayo. Nimelia njiani kama mtoto, wifi. Nimelia mbele za watu."

Kidole aliyaweka maua juu ya jokofu. Jambo la kwanza lililomjia mdomoni lilikuwa lilelile la mtu yeyote aliyezoea kazi yake. "Labda hukubonyeza vizuri, mpenzi."

"Nisibonyeze vizuri mimi? Njoo uone."

Kidole akafungua kompyuta ya kazini kwenye meza ya kulia, upande wa majaribio, akampa simu. Wifi akaenda mbio, pa pa pa pa, mtu aliyezaliwa na simu mkononi. Asante, nafasi yako imehifadhiwa. Wakatazama kwenye kompyuta. Hakuna jina. Kidole akaichukua simu akafanya yeye. Jina likatokea. Akamrudishia wifi. Pa pa pa pa. Hakuna jina.

"Hebu fanya tena wewe," wifi akasema, akajisogeza na tumbo lake hadi mezani. Akamtazama. "Haa! Mbona unangoja?"

"Nangoja wapi?"

"Hapo. Kabla ya kubonyeza hicho cha mwisho. Unanyanyua kidole juu, unangoja, ndipo unashusha. Kama mtu anayengoja uji upoe."

"Mimi singoji."

"Wifi, unangoja."

Akafanya tena, safari hii akijitazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Na kweli. Kidole kiliinuka, kikakaa hewani kidogo, kikashuka. Akakaza meno kubonyeza papo hapo, mkono ukagoma. Ilibidi wifi amshike kiwiko na kumsukuma, wote wawili wakacheka kwa nguvu, na simu ikasema asante. Kwenye kompyuta jina halikuwepo, na kicheko cha Kidole kikakatikia hapo.

Alikumbuka. Miezi ya mwanzo programu ile ilikuwa nzito mno, ukichagua saa kinazunguka kigurudumu kidogo kwenye kona, na ukibonyeza kabla hakijasimama kila kitu kinaganda. Alikuwa amewaambia waandishi, wakaifanya nyepesi, kigurudumu kikawa kinazunguka na kupotea kabla hujakiona, ila aliyekiwahi aliambiwa asante huku jina lake likipotea. Wote wakasahau. Mkono wake haukusahau. Ulijifundisha adabu mbele ya kasoro ile, ukawa unaipisha kila siku kama mtu anayempisha jirani mkorofi mlangoni, na kila siku yeye alirudi kwa bosi kusema njia ni nyeupe. Mashine haina adabu. Ilibonyeza kama wifi anavyobonyeza, ikaanguka pale wifi alipoangukia, ikasema. Na yeye akaiita mwongo mbele za watu.

Wifi alikuwa ameshachukua maua anayanusa. "Sasa si umeligundua? Kesho unawaambia, unakuwa shujaa."

Ndilo lililomuuma. Angeweza. Angeingia ofisini na kusema nimepata kosa kubwa, nimelipata kwa mkono, na ingekuwa kweli, maana mkono wa wifi ni mkono. Bosi angempigia makofi. Mashine ingebaki na jina lake baya, Mshenga angeondoka na leso yake, na dawati la simu lingebaki la mwingine. Hakuna hata mmoja angejua. Alipika, akapakua, akala bila kusikia ladha, na mumewe alipomuuliza leo amebonyeza nini alimjibu kwa mara ya kwanza: "Nimebonyeza vibaya, baba." Mumewe akaacha kutafuna akamtazama.

Asubuhi alipiga moyo konde, akafika kabla ya wengi. Mshenga alikuwa anapanga vitu vyake kwenye boksi la karatasi, polepole, kalamu moja baada ya nyingine.

"Rudisha hizo kalamu," Kidole akasema. "Mke mwenza alikuwa anasema kweli."

Akamwelezea yote, kuanzia miguu ya wifi hadi kiwiko. Alimwomba radhi pia, na ajabu ni kwamba neno samahani, alilolichoka miaka ile ya simu, safari hii lilimtoka likiwa zito, likamwacha mwepesi. Mshenga alisikiliza akiwa ameshika boksi. Mwishoni akauliza kitu kimoja tu.

"Na kile kituo nilichotaka kuweka?"

"Ungelificha kosa. Tungelificha wote wawili, kila mtu kwa njia yake."

"Wewe ndiye uliyenikataza."

"Nilikukataza kwa roho mbaya," Kidole akasema, na wote wakaangua kicheko kile cha watu walionusurika.

Bosi hakucheka. Aliwasikiliza akiwa amesimama, akampigia mwandishi mkuu simu, programu ikazuiwa kutoka hadi kosa lirekebishwe, kisha akaweka simu chini na kumtazama Kidole kwa macho ya mtu anayekunja mkeka.

"Kwa hiyo mashine inaaminika."

"Inaaminika, bosi."

"Basi unajua tulivyosema."

"Najua. Ile kazi ya kila siku mpe Mshenga, yote, sitaki hata kipande. Mimi naijua hii programu mno, mkono wangu umeshaharibika. Lakini mashine nayo inapita njia iliyofundishwa. Inakimbia, haipotei. Haitabonyeza picha ya mtoto ikidhani ndiyo mlango. Haitaogopa. Wifi yangu anapotea, bosi. Kina mama watapotea. Mtu lazima akae awaone wakipotea."

"Na huyo mtu akae kimya," bosi akasema. "Wewe unaweza kukaa kimya?"

Ofisi nzima ilikuwa imetega masikio, na mtu mmoja kule dirishani akakohoa kicheko. Kidole alisema ataweza. Bosi alifikiri kidogo akatoa hukumu ya nusu kwa nusu, kama kawaida yake: asubuhi kliniki, mchana dawati la simu, baada ya mwezi tutaona. Haikuwa ushindi. Kidole alirudi mezani kwake, akafungua droo, akaanza kuwapa waandishi zile simu kuukuu mojamoja, na alipofika kwenye ile nzito kuamka alijificha chooni kidogo, akalia, akanawa uso, akarudi. Ile aliibakiza.

Kosa lilirekebishwa. Wifi alipata nafasi yake, akaitwa kwa jina, akampigia Kidole kutoka ndani ya chumba cha nesi kumwambia tu kwamba ameitwa kwa jina. Mashine ikaendelea kubonyeza usiku kucha, na Mshenga kila asubuhi akamtumia Kidole ujumbe kumpa salamu za bibi mdogo.

Siku ya kwanza kliniki, Kidole alikaa kwenye ukumbi wenye mabenchi marefu na feni inayolalamika, nyuma ya mama mmoja mwenye tumbo la karibu kujifungua aliyekubali kujaribu programu huku akitazamwa. Mkoba aliupakata kwa mikono miwili, ameukaza. Mama yule alichagua kliniki akarudi nyuma. Akachagua siku iliyopita. Akabonyeza picha ya mtoto, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa nguvu, akingoja ifunguke. Akapata siku, akaipoteza, akaguna. Kila alipokosea Kidole aliukaza mkoba zaidi, mpaka nesi aliyekuwa akipita akamuuliza kama anaumwa tumbo.

"Dada," mama akageuka, amechoka, "sasa hapa nibonyeze wapi?"

"Bonyeza unapoona wewe ni sawa, mama."

"Kwani wewe hujui?"

"Najua," Kidole akasema. "Ndiyo maana nimekatazwa kusema."